Mzazi wa Tableti

Kajiado Mjini,
9 Agosti 2025

Mama Mbeke,

Supa! Ndiyo, nimekaa na Wamaasai mpaka salamu ya kwetu imenitoroka. Natumaini wewe na watoto mko salama huko Noonkopir. Sisi tuko, kazi ya stoo hapa hospitali ni ile ile, na Linda wangu anakusalimu.

Pokea hiyo boksi kutoka kwa Mwanzia wa pikapu ya nyasi. Usimpe kitu, nimemalizana naye. Ndani ni tableti ya watoto. Nilisema siku ya ukumbusho wa marehemu ndugu yangu kwamba watoto wa Munguti hawataomba simu ya jirani ndio wafanye kazi ya shule, na mimi nikisema nimesema.

Lakini ujue nilivyoitafuta, maana watu wa maduka hawana haya. Duka la kwanza nilionyeshwa moja ya bei ya kutupa, boksi imejaa nambari kubwa kubwa, eti inaweza kubeba kila kitu duniani. Nikamwambia kijana, hebu piga video ya barabara tuone. Hata haijamaliza kupiga gari tatu, inasema imejaa. Kijana anacheka: "Mathe, hiyo nambari ni ya kuandikwa tu." Nikamuuliza, kwa hivyo mnaandika uongo halafu mnaukatia risiti? Akairudisha kwa boksi. Nikatoka.

Duka la pili wananiletea ile ya raba ya rangi ya waridi yenye mkono kama wa ndoo. Ukigusa kona hii, inafunguka kona ile. Mbeke yuko Gredi ya Sita, atasomea ndoo? Ya tatu ilikuwa imetumika ng'ambo, kubwa na nzuri, lakini betri yake ilikufa tukiwa bado tunabishana bei. Mwishowe nikapata hii. Ni mpya, nyeusi, haina madoido, kioo chake kinasikia kidole, na garanti ni ya mwaka mzima. Haina mahali pa laini. Hiyo nilitaka mwenyewe, watoto wasizurure kwa mtandao.

Imewekwa tayari. Usiguse mipangilio, na usiruhusu fundi yeyote aiguse. Mwambie mwaitu Mbeke, mama yangu huyo, nampenda, na Wathome asiimwagie chai.

Wako,
Syokau (Mama Linda)


Noonkopir, Kitengela,
24 Agosti 2025

Mama Linda,

Tumepokea. Asante sana, Mungu akuongezee pale ulipotoa. Wathome aliilalia kifuani kama mto. Mbeke anasema kwa Kiswahili cha shule inaitwa kishikwambi, na sasa hataki mtu aiite kitu kingine.

Mama Linda, usinione sina shukrani, lakini mambo mawili yananisumbua. Nilikuomba ya laini. Hapa kwetu hatuna waifai, mimi natoka kazini jioni, na bila simu yangu hiyo tableti ni sinia. Sasa imebidi niombe waifai ya mpangaji wa chini, na umesema hutaki watoto wa Munguti wawe wa kuomba. Ungeniuliza tu.

La pili, hii kitu inajifunga. Saa moja jioni, kap! Mbeke yuko katikati ya insha, kioo kinakuwa cheusi na kufuli juu. Sasa mtoto anafanya kazi ya shule saa ngapi, na mimi nafika saa moja? Halafu cha ajabu, Wathome akiishika na kubonyezabonyeza, inafunguka tena kidogo. Namuuliza umefanya nini, anacheka tu anasema ni siri yake.

Kama ni wale wa duka wameiweka hivyo, wapigie kelele. Wewe ni mkali, watakusikia.

Wako,
Nzilani


Kajiado,
30 Agosti 2025

Mama Mbeke,

Nimesoma barua yako nikaiweka chini nikaenda kunywa maji. Kweli fadhila za punda ni mateke.

Nilizunguka maduka miguu ikafura. Ulitaka laini, halafu siku moja utanipigia unalia ati Mbeke anaongea na wanaume asiowajua? Na hiyo kujifunga si ubovu. Ni mpangilio wa mzazi. Tableti za watoto zinawekwa hivyo, kuna saa ya kufunga, na mtoto akitaka muda anaomba. Munguti mwenyewe hangekubali watoto watazame kioo mpaka usiku. Unamjua.

Insha iandikwe mapema. Na ile ya kusema "ungeniuliza tu" sitaijibu.

Syokau


Noonkopir,
14 Septemba 2025

Syokau,

Leo sitakuita Mama Linda. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu unanikatiza kila mara. Karatasi haikatizwi. Keti usome mpaka chini.

Leo kanisani mwalimu Margaret wa Sunday School aliwaambia watoto waombee wenzao wasio na baba. Wathome akainua mkono. Akasema, "Mimi niko na baba. Yuko Kajiado. Ananiongezea dakika." Watoto wakacheka, yeye akakasirika akaapa. Baada ya ibada Margaret akanivuta kando ya matangi, sauti chini, akaniuliza, "Mama Mbeke, sisi tulizika nani?"

Syokau, hili ndilo kanisa lililochanga jeneza. Hawa akina mama ndio walikaa na mimi sakafuni wiki nzima. Nikamshika Wathome mkono nikatoka, na watu wanapita wakitazama.

Nikafika nyumbani nikaichukua hiyo tableti. Mbeke akaangalia chini. Nikamwambia, nionyeshe. Akabonyeza pale pa kuomba muda. Tukangoja, chai haijapoa, kioo kikawaka. Na nani akatokea? Munguti! Picha yake na shati la njano, ile niliyompiga mimi kwa mkono wangu pale Oltepesi siku gari la harusi lilituharibikia. Na chini yake maandishi ya Kizungu, kwamba Munguti amekubali, amekuongezea dakika kumi na tano.

Mwanaume niliyemrushia mchanga kaburini kule Mwala! Ndiye anafunga tableti saa moja, ndiye anafungua!

Mbeke akaanza kulia. "Mama, nilijua ni shangazi. Sikutaka kumwambia Wathome, alikuwa anafurahi sana." Umesikia hiyo? Msichana wa miaka kumi na moja amebeba uongo wako mgongoni tangu Agosti, peke yake.

Nikakimbia na hiyo kitu kwa Obonyo, fundi wa simu hapa chini. Akaiangalia akaniambia, "Mathe, hapa mzazi ni mmoja tu, na si wewe. Siwezi kumtoa bila yeye kukubali." Nikamwambia huyo mzazi amekufa. Akanitazama, akatazama kioo. Akaniuliza, "Mbona yuko hewani?"

Sasa nijibu wewe. Mbona yuko hewani?

Simu ya Munguti mliichukua siku ile ya kugawa vitu vyake. Nilidhani imelala kwa kabati yako. Kumbe inatembea, inakula chaji, inajibu watoto wangu! Nani alikupa ruhusa? Nilibeba hawa watoto, nikawazaa, naamka kuwapikia uji, halafu mashine inaulizwa mzazi ni nani inataja maiti na shangazi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe ulikuwa unajua nini?

Nataka vitu viwili. Hiyo simu irudi. Na uje hapa Noonkopir, umwambie Wathome kwa mdomo wako mwenyewe ni nani amekuwa akimwongezea dakika. Mimi sitamwambia kwa niaba yako. Mimi nilishamwambia mara moja kwamba baba yake amekufa. Sitamzika mara ya pili.

Nzilani


Kajiado,
18 Septemba 2025

Nzilani,

Usinipandishie sauti hata kwa karatasi. Mimi ni mkubwa wako.

Nitakueleza mara moja. Pale dukani kijana aliniuliza barua pepe ya mzazi. Mimi sina hizo vitu, stooni kwetu tunaandika kwa kitabu. Nikatoa simu ya Munguti kwa mkoba, barua pepe yake ilikuwa imefunguka tayari. Kijana akabonyeza akasema imekubali, imeisha. Ningefanya nini, niwaache watoto bila?

Na hiyo simu sikuiiba. Nilipewa na wazee, mbele ya watu, siku ya kugawa, nikiwa dada yake mkubwa. Wewe ulikuwa umeketi hapo hapo. Ulisema neno? Ulinyamaza. Leo ndio unaikumbuka?

Halafu hizo dakika kumi na tano zimeua nani? Mtoto alikuwa anaomba, anapewa, anafurahi. Ati uongo. Wewe mwenyewe siku ya mazishi ulimwinamia Wathome ukamwambia, baba yuko mbinguni anakuona. Nilisikia. Wako ni faraja na wangu ni uongo?

Na kama ungekuwa unawaangalia hao watoto vile unasema, ungejua mapema. Ilikuchukua mwezi na zaidi.

Kuja kwako Jumamosi siwezi, tunahesabu dawa.

Syokau


Noonkopir,
21 Septemba 2025

Syokau,

Nilimwambia baba anamwona. Sikumwambia anajibu.

Hapo ndipo tofauti iko, na wewe si mjinga, unaiona. Mtoto akiongea na mbinguni anajua mbinguni kuko kimya. Anazoea pole pole. Wewe ulikijaza hicho kimya ukajibu na kidole.

Na usinitajie siku ya kugawa. Mjomba wako alichukua koti la Munguti, mama yenu akachukua redio, wewe ukachukua simu yenye picha za Wathome akiwa na siku moja, na mimi nimefunikwa leso kichwani kwenye mkeka. Unajua vizuri mjane wa kwetu hafungui mdomo siku hiyo. Mlinifunga mdomo kwa mila, sasa unasema nilinyamaza! Wacha ukae ukijua, sikukubali. Nilikuwa nauma meno.

Kuhusu kuwaangalia, natoka hapa saa kumi na moja asubuhi kwenda kushona nguo za watu kiwandani. Shukuru uko mbali siku niliyosoma hayo maneno.

Nilikuwa nimeamua nisikuandikie tena. Lakini jana Mwanzia wa pikapu alinirudia mlangoni, kofia mkononi, hajui aseme nini. Ati Wathome alimkimbiza mpaka kwa barabara akampa karatasi apeleke Kajiado. Nimeisoma. Sasa isome wewe, maana ni wewe aliyekuandikia.

Nzilani


KWA BABA KAJIADO

Baba hujambo. Mimi sijambo. Asante kwa dakika.

Mama anasema umekufa lakini anasema hivyo juu ya vile mmekosana. Si mbaya. Baba ya Melvin pia walikosana na akarudi.

Kuja siku ya kufunga shule. Nitaimba mstari wa mbele. Kama huna fare Mwanzia wa nyasi ako na gari.

Usiniongeze dakika tena. Kuja tu.

WATHOME


Kajiado,
24 Septemba 2025

Mama Mbeke,

Niliisomea stooni. Nikafunga mlango kwa ndani, wakagonga sana wakitaka glavu.

Nimejaribu kukuandikia kwa hasira, maana hasira ninayo, ile ya kuonekana mwizi kwa kitu nilichopewa. Haikuja. Nitakuambia tu ilivyo. Hiyo laini naiwekea salio tangu tumzike, isifungwe, wasimpe mtu mwingine nambari yake. Ilikuwa haijawahi kulia. Halafu jioni moja mwezi wa nane ikalia, mtoto wa Munguti anamwomba Munguti dakika. Nilibonyeza ndiyo kabla sijafikiri. Kesho yake nikakaa karibu nayo nikingoja. Nilipenda kuombwa, Mama Mbeke. Nilipenda jina lake likisema ndiyo.

Sikufikiria upande ule mwingine kuna mtu anaamini. Niliona ni mchezo wetu, mimi na Wathome, na kumbe yeye hakuwa anacheza na mimi.

Waache wahesabu dawa bila mimi. Jumamosi nakuja, na simu na chaja yake. Usinipikie.

Syokau


Noonkopir,
5 Oktoba 2025

Mama Linda,

Ulipoondoka hukujua yaliyofuata, na Mbeke amenisumbua nikuandikie, kwa hivyo naandika. Usidhani hasira imeisha. Imekaa chini tu.

Uliona mwenyewe alivyoingia chini ya meza ulipomwambia. Alikaa huko mpaka ugali ukapoa. Nilimwacha. Jumapili hakutaka kwenda kanisani, ati watoto watamcheka, tukaenda kwa nguvu. Akaenda yeye mwenyewe kwa Margaret, sikumtuma, akamwambia, "Mwalimu, niliongopa lakini sikujua." Margaret alinitazama juu ya kichwa chake, na mimi nikatazama nje ya dirisha.

Obonyo amemtoa Munguti kwa tableti. Pale walipouliza mzazi, nimeandika jina langu lote, na la baba yangu mzazi juu yake, wakitaka waongeze na la kijiji. Saa ya kufunga nimeiweka saa tatu, Mbeke amalize insha. Na hiyo tableti, nikubali tu, ni nzuri. Iliangushwa Jumanne kwa simiti na haikupasuka. Ulichagua vizuri. Ulipokosea ni kujichagua wewe.

Simu yake nimebaki nayo. Nimepata picha za Wathome akiwa na siku moja, na nyingine za mimi nimelala mdomo wazi, sikujua alinipiga. Lakini laini nimeitoa, nimeifunga kwa kitambaa, Mwanzia atakupa na hii barua. Nambari ni ya ndugu yako. Iwekee salio ukitaka, hiyo haidhuru mtu. Ila isiwe ya kujibu watoto.

Sasa nikuambie ya jana. Nilikuwa jikoni nakanda unga wa chapati, mikono yote nyeupe. Simu yangu ikalia. Nikachungulia. Wathome anaomba dakika kumi na tano. Yuko sebuleni, hatua mbili kutoka kwangu, nyumba yenyewe unaijua, ukikohoa huku wanasema pole kule. Na bado ameomba kwa mashine.

Nikagusa na kidole cha unga. Hapana.

Uuui! Alikuja na kishindo! "Mama wewe ni mbaya! Kwa nini umekataa? Mama wewe ni mbaya sana, baba angekubali!"

Nikamwambia, "Baba? Baba yako ndiye angekataa kabla yangu. Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Mbeke alikuwa akiomba katuni jioni, baba yako anaenda anachomoa waya ya televisheni, anaiweka kwa mfuko wa koti, anaenda kuoga nayo."

Akapandisha kamasi zake. Nilikuwa nimejiandaa alie. Akajipangusa na mkono wa sweta, akavuta jerikeni, akaketi juu yake kando ya jiko.

Akaniuliza, "Alikuwa anakataa aje? Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Nilifanya sauti ya Munguti, ile ya kutoka puani, "Nimesema hapana, na hapana haina mdogo wake." Wathome akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema nirudie. Nikarudia. Mbeke akaja kutoka chumbani, akasema hapana, si hivyo, baba alikuwa anakunja na shingo, akamwiga. Mama Linda, ilikuwa ni Munguti kabisa.

Tulikaa hapo tukikataliwa naye mpaka chapati ya mwisho. Tableti ilikuwa mezani sebuleni, imefungwa, hakuna aliyeikumbuka.

Siku ya kufunga shule Wathome ataimba mstari wa mbele. Anasema uje. Mimi pia nasema uje, na usichelewe.

Wako,
Nzilani, Mama Mbeke na Wathome